Jozi Iliyokataa Kuachana

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa. Hadubini mpya imefika. Ina kioo kama cha televisheni, kwa hiyo darasa zima litaitazama seli moja kwa pamoja, badala ya kusukumana kwenye tundu. Wameiweka chumba cha juu, kile chenye madirisha mawili na kiti kinachozunguka. Bi Mkuu, mkuu wetu wa idara ya baiolojia, ameita mafundi wote wa maabara. Mafundi wote ni wawili. Mimi na Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, na najuta kila nikimwona. Koti lake jeupe lina mistari ya pasi mikononi. Langu lina madoa ya rangi ya slaidi. Akiosha vioo anapiga mluzi. Nani anapiga mluzi akiosha vioo?

Bi Mkuu akasema Ijumaa wajumbe wa bodi ya chuo watakuja kuiona mashine yao. Anataka waoneshwe jinsi kromosomu zinavyotenganishwa seli inapogawanyika. Kila fundi atayarishe slaidi yake. Baada ya hapo ataamua nani asimamie chumba cha juu na kushika ufunguo.

Nautaka ule ufunguo. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Miaka yote nimekaa stoo ya chini, kando ya bomba linalovuja, na watu wakinihitaji wanauliza yule wa stoo yuko wapi.

Kazi yenyewe naijua. Unaweka kitunguu juu ya mdomo wa glasi, maji yaguse kitako tu. Mizizi ikitoka unakata ncha, maana huko nchani ndiko seli zinagawanyika. Unaigandisha ncha ilivyo kwa spiriti na asidi, unailainisha, unaitia rangi, unaiweka chini ya kioo chembamba na kuiponda kwa kidole gumba. Ukibahatika unaikuta seli ikiwa katikati ya kazi. Ukibahatika sana unaikuta pale pale kromosomu zinapoachana. Hapo ndipo penye tabu. Hatua ile ni fupi mno. Unaweza kuzunguka slaidi nzima usiione hata moja.

Kwa hiyo panahitajika mbinu. Nimeweka vitunguu dirishani maabara, kama Shemeji. Na vingine nimeviweka kwa siri dirishani jikoni, nyumbani. Hivyo hata akiviharibu vya maabara (simwamini) mimi nina akiba. Yeye hana akiba. Hana akili ya akiba.

Jumanne, 4 Juni

Vitunguu vya Shemeji vimeanza kuota. Vyangu vipara. Vimetoka gunia moja, vinakunywa maji ya bomba moja! Nikamuuliza, kirafiki tu, amefanya nini. Akasema amekwangua ile mizizi mikavu ya zamani kwenye kitako kabla ya kuviweka. Nikamwambia hilo najua, nilikuwa namjaribu.

Alipotoka nikavikwangua vyangu. Kimoja nilikwangua kwa bidii zaidi. Kikafunguka maganda yote, kikaisha.

Nyumbani, mama mkwe. Amekuja kukaa kwetu mpaka macho yake yatibiwe, na macho hayo yanaona jambo moja tu, nalo ni mwanawe. Wakati wote wa kula alimsifu. Mwanangu hivi, mwanangu vile. Akaniuliza kama ni kweli kijana anapewa chumba cha juu. Nikasema, mama, bado haijaamuliwa. Akasema jirani ameshaambiwa.

Mke wangu alikuwa anacheka ndani ya glasi yake ya maji. Nilimwona.

Jioni hii nimekumbuka jambo. Chupa ya kahawia! Ipo kabatini stoo, rafu ya juu, ina alama ya sumu. Miaka ya nyuma alikuja mhadhiri mgeni, akatuambia ukiiloweka mizizi katika dawa ile utapata seli nyingi ajabu zilizo katika kugawanyika. Akaendelea kueleza kwa nini. Hiyo sehemu ya kwa nini sikuisikia, nilikuwa nimetumwa chaki. Lakini la msingi nilishalipata. Wakati Shemeji anahangaika kutafuta seli moja, mimi nitakuwa nazo za kumwaga.

Jumatano, 5 Juni

Vitunguu vyangu vya maabara vimeota! Mizizi mifupi lakini myeupe. Nikasubiri Shemeji aende kula, nikavaa glavu, nikamwaga maji, nikatia dawa. Kipimo sikukijua, nikatia ya kutosha. Nikafunga uzi mwekundu kwenye kila glasi, nikavihamishia kabatini na kufunga kwa kufuli. Vinywe mpaka kesho asubuhi.

Shemeji akarudi, akauliza vitunguu vyangu viko wapi. Nikasema vinahitaji kivuli. Akaniangalia, akaendelea na mluzi.

Nikarudi nyumbani moyo mweupe. Mchuzi ulikuwa mtamu. Nikaongeza. Nikamsifu mama mkwe, jambo ambalo silifanyi ovyo. Akasema siri ni vitunguu, leo vilikuwa vingi. Nikatazama dirishani. Glasi zangu zilikuwa zimeoshwa, zimepangwa zimeinama.

Kijiko kilibaki hewani. Kwanza nikafikiria sumu, jasho likanitoka, halafu nikakumbuka vyenye dawa viko kabatini na ufunguo wa kufuli uko mfukoni. Vya nyumbani vilikuwa safi. Tulikuwa tunakula akiba yangu, basi. Nikamuuliza mama, kwa heshima zote, kwa nini amevichukua vile.

"Vilikuwa vinaota, baba," akasema. "Ningeviacha vioze?"

Mke wangu akauliza kwani vilikuwa vya nini. Nikasema mapambo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewahi kazini. Shemeji amewahi zaidi. Nikakata ncha zangu, nikafuata kila hatua, nikaponda, nikaweka chini ya hadubini ya zamani.

Mungu wangu. Kila nilipotazama, seli iko kazini! Kromosomu fupi, nene, zimekolea rangi, kila moja imejinakili na nakala mbili zimeshikana kiunoni kama mkasi uliofunguliwa. Sijawahi kuona wingi ule. Nikamwita Shemeji aje aone. Nilimwita ili aumie, sitaficha.

Akatazama muda mrefu. Mluzi ukakatika. Nikafurahi.

"Shemeji," akasema taratibu, "umetia nini humu?"

Nikasema maji. Akaniomba nimwoneshe seli moja tu ambayo kromosomu zake zinaachana. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Seli tele, na zote zimekwama mahali pamoja, kromosomu zimetapakaa kama viatu mlangoni penye msiba. Hakuna mstari katikati, hakuna upande huu wala upande ule. Hakuna iliyoachana na mwenzake.

Ndipo akaeleza, bila kuulizwa. Kwamba kromosomu hazitembei zenyewe. Kuna nyuzi nyembamba zinatoka ncha mbili za seli, zinanasa kila jozi kiunoni, moja huku na moja huko, zinaipanga katikati. Kile kinachozishikanisha nakala kikikatwa, nyuzi zinavuta, nakala moja inakwenda kaskazini na mwenzake kusini. Kila upande unapata seti kamili. Na ipo dawa moja, akasema akitazama juu ya kabati, inayozizuia nyuzi zile zisijengeke. Ukiitia, seli zinaanza kazi na hazimalizi. Ndiyo maana zinaonekana nyingi. Ni foleni.

Nikasema najua. Nikasema nilikuwa nataka kuonesha foleni.

Basi akaniambia anayo mizizi ya ziada, nichukue mmoja. Alisema kwa upole kabisa. Hapo ndipo aliponiudhi. Nikamshukuru, nikasema sina shida. Akaenda kula.

Nikachukua mzizi wake. Si wizi, alikuwa ameshanipa. Nikautayarisha vizuri, nikafunika kioo, nikaweka kidole gumba, nikamfikiria Shemeji, nikabonyeza. Kioo kikalia. Mzizi na vioo vikawa kitu kimoja. Nikiwa nachukua wa pili nikasikia mluzi kwenye ngazi, nikaurudisha.

Nimerudi nyumbani nimekwisha. Nikakaa uani, nikatazama kamba ya nguo. Nguo za mke wangu, kanga za mama. Na soksi. Soksi mbili mbili, zimebanwa pamoja.

Nikasimama.

Wageni wa bodi wanajua nini kuhusu hadubini? Mwenyekiti ana duka la vigae. Soksi anazijua! Nimekusanya jozi nne za rangi mbalimbali. Kila jozi ni kromosomu na nakala yake. Nimezifunga kiunoni kwa uzi mwepesi, ukivuta unafunguka. Jozi moja ni soksi nyekundu za Shemeji za kuchezea mpira, ndefu mpaka magotini. Anazileta zifuliwe hapa kwa kuwa mama yake yupo. Hizo ni nzito, nikaogopa zisije zikaachana mapema na kuniaibisha. Nikakaza fundo.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Shemeji alianza. Akawasha kioo, akaizungusha ile slaidi kidogo, akasimama. Pale katikati, seli moja. Makundi mawili ya kromosomu yanaachana, moja juu na moja chini, mikono yao inaburuzika nyuma kama watu wanaovutwa kwenye karamu wasiyotaka kuondoka. Nasema ukweli kwa kuwa ni humu ndani. Ilikuwa nzuri sana.

Wageni wakatazama. Mwenyekiti akamuuliza mhazini, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kama wale ni minyoo.

Ikawa zamu yangu. Nikatoa soksi. Nikamweka mwenyekiti upande huu na mhazini upande ule, nikawapa nyuzi, kila soksi na uzi wake. Nikawaambia ninyi ni ncha mbili za seli. Vuteni. Jozi ya kwanza ikafunguka, soksi moja huku, moja huko. Wakacheka. Ya pili, ya tatu, safi. Bi Mkuu aliacha kutazama saa.

Ya nne ilikuwa nyekundu. Wakavuta. Wakavuta tena. Mwenyekiti ana mwili, akajiegemeza nyuma, uzi wa mhazini ukakatika, na soksi zote mbili zikaruka zikamtua mwenyekiti kifuani.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikainua kidole, nikasema hilo ndilo nililotaka mlione. Mara nyingine nakala mbili zinakataa kuachana. Upande mmoja unapata zote, wa pili unakosa kabisa. Na msidhani mwenye mbili amefaidi! Anaumwa kwa kuzidiwa, na mwenzake anaumwa kwa kukosa. Magonjwa mengine ya kuzaliwa yanaanzia hapo hapo. Ndiyo maana mwili unajitahidi kila mmoja apate chake.

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema sasa ameelewa alichonunua. Na Shemeji alipiga makofi, tena kwa nguvu. Mtu wa ajabu.

Baadaye Shemeji akiwa nje anawasindikiza wageni, Bi Mkuu aliniita kwenye korido. Akatoa kipete chenye funguo mbili zinazofanana.

"Nimechongesha nakala," akasema. "Yeye anajua kuonesha, wewe unajua kueleza. Chumba ni chenu wote wawili. Mpe wa kwake."

Nikasema ndiyo, Bi Mkuu. Nikashuka ngazi nikielea. Chini nikakutana na Shemeji. Akauliza, Bi Mkuu amesemaje? Nikausikia mdomo wangu ukisema bado anafikiria.

Nimelitafakari na naona nilifanya sawa. Chumba chenye wasimamizi wawili hakina msimamizi. Nitampa wa kwake, sijakataa, lakini wiki ijayo, baada ya kunibishia hodi siku chache. Na mama mkwe anione nikifungua mlango peke yangu, hata mara moja, halafu amweleze jirani.

Shida ni mahali pa kuficha. Mke wangu hupekua mifuko yangu kabla ya kufua. Nimezitia zote mbili ndani ya soksi nyekundu, ambayo bado imefungwa na mwenzake, nikasukuma mpaka vidoleni. Nimezirudisha chini kabisa ya kapu la nguo safi. Nani atatafuta pale?

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda kunyoa. Nimerudi nikiwa mtanashati. Mama mkwe akasema nimepishana na mwanawe, amepita kuchukua soksi zake, leo ana mechi.

Nikauliza soksi gani. Akasema zile nyekundu, kwani ana nyingine? Akalalamika kwamba kuna mtu amezifunga fundo la ajabu, macho yake hayakuliona vizuri, akampa hivyo hivyo.

Nikakaa chini. Mke wangu akauliza mbona natoka jasho na nimetoka kunyoa. Nikasema naenda uwanjani. Wakatazamana. Sijawahi kwenda uwanjani.

Nilimkuta ameshaingia. Soksi nyekundu zimepanda mpaka magotini, zote mbili, kila moja na mguu wake. Fundo limefunguliwa. Anakimbia vizuri tu, si kama mtu mwenye funguo vidoleni. Wakati wa mapumziko akanifuata pembeni, akanishika mkono, akasema hakutegemea, amefurahi sana mimi kuja kumshangilia. Kipindi cha pili chote nilisimama juani nikiipigia kelele timu yake. Wameshinda. Goli la pili katoa pasi yeye.

Kuhusu funguo, kimya. Alipoondoka alikuwa anapiga mluzi.



Jumatatu, 10 Juni

Bi Mkuu alituita asubuhi. Akauliza kama chumba kimeanza kutumika, na kama nilimpa mwenzangu ufunguo wake. Kabla sijajibu, Shemeji akaweka kipete mezani. Funguo zote mbili. Akasema alizikuta ndani ya soksi yake, akadhani labda nilitaka kumshtukiza kwa furaha, akaona asiniharibie.

Aliamini hivyo au aliniokoa? Nimemtazama mpaka macho yamechoka, sijajua.

Bi Mkuu hakugomba. Ningependa angegomba. Akaniangalia, akaniomba nimkumbushe nilichowaeleza wageni kuhusu ile jozi iliyokataa kuachana. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, tena nikainua kidole. Upande mmoja ukichukua zote, pande zote mbili zinaumwa.

"Sawa," akasema. "Basi unajua."

Akamsogezea Shemeji kipete. Atakaa nazo zote mpaka mwisho wa muhula. Mimi nikitaka kuingia, nibishe hodi.

Iliniuma. Nilipokuwa nashuka ngazi nilijisikia mtu mbaya kabisa, mpaka ngazi ya mwisho. Shemeji alinifuata, akasema Bi Mkuu akipoa tu atanipa wa kwangu, hana haja ya zote mbili. Akanikaribisha nikakalie kiti kinachozunguka. Nikakikalia. Kinazunguka vizuri. Lakini mtu hawi mwema hivi bure. Ana jambo, na nitaligundua.

Nyumbani jirani amekuja kumpongeza mama mkwe. Mke wangu ameniambia nimwombe mdogo wake msamaha, na nimwombe kabla ya kula. Nikasema nitafikiria.

Kesho wanafunzi wa mwaka wa pili wanataka kuona kromosomu zikiachana, na slaidi ni zamu yangu. Nimeshaloweka vitunguu. Safari hii nimeongeza dawa, nadhani ile ya kwanza haikutosha.

Nimerudi stoo sasa kuvitazama, bomba linadondosha maji, nafikiri kwa utulivu nilipokosea. Nimepaona. Ni lile fundo. Lilikuwa moja, akaweza kulifungua. Siku nyingine nitafunga mawili.